Faini ya 30,000 inavyozaa deni, barua na gari kushikiliwa: kosa gani linarekebishwa ofisi gani

#1 Kipanga wa Mbezi

Wakuu, habari za majukumu.

Maswali ya faini za trafiki yametapakaa kila kona, na jibu linalotolewa mara nyingi ni "lipa tu yaishe". Kuna faini zinazoisha ukilipa, na kuna ambazo ukilipa ndipo zinapoanza. Uzi huu ni wa Tanzania Bara peke yake. Zanzibar wana sheria yao na usajili wao, tusichanganye mambo.

Msingi kwanza. Askari anayekuandikia barabarani anatumia kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Kifungu hicho hakimgeuzi kuwa hakimu. Kinakupa wewe nafasi ya kukiri kosa na kulipa faini ya papo kwa papo, mambo yasifike mahakamani. Usipokiri, njia ni mahakama. Kiwango ni 30,000 kwa kila kosa kwa gari, na 10,000 kwa pikipiki na bajaji tangu mwaka wa fedha 2021/22. Ukikutwa na makosa mawili kwa mkupuo mmoja, hesabu ni mara mbili.

Askari anaingiza kwenye mashine namba ya gari, namba ya leseni, kosa na mahali. Karatasi inatoka ikiwa na namba ya malipo inayoanzia 99. Taarifa inaingia kwenye mfumo wa polisi, ule TMS, ambao mtu yeyote anaweza kuuangalia kwa kuandika namba ya gari au ya leseni. Una siku 7. Zikipita bila kulipa, inaongezwa adhabu ya asilimia 25, yaani 30,000 inasoma 37,500. Ukizidi kuilaza, adhabu inafika 15,000 na jumla inakuwa 45,000.

Sasa shida inapoingia: deni limeshikiliwa na namba. Mfumo haujui sura yako wala jina la mkeo. Unajua namba ya gari na namba ya leseni. Tarakimu moja ikiteleza, faini ya mwenye Fuso wa Chalinze inalala kwenye IST ya mwalimu wa Mwanza, na mwalimu ataijua siku akisimamishwa ikiwa imeshanenepa. Halafu kila ofisi atakayogonga itamwambia hilo si lake. Kwa kiasi fulani kila moja itakuwa inasema kweli.

#2 Mama Lori

Umeanza vizuri, mkuu. Niongeze la pale pale barabarani, maana makosa mengi yanaweza kufia hapo.

Usiwashe gari kabla hujaisoma ile karatasi. Linganisha namba ya gari herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu. Zinazobadilishana sana ni zile zinazofuatana, 638 inaandikwa 683. Kwenye picha ya tochi (kamera ya mwendo) ya jioni au yenye vumbi, 8 inasomeka 3, na B inasomeka 8 au D. Kisha angalia namba ya leseni, kosa lililoandikwa, aina ya chombo, mahali, na idadi ya makosa. Usikubali kauli ya "nimekuandikia moja" wakati karatasi inasema 60,000.

Kosa ukilibaini askari akiwa mbele yako, mnaongea watu wawili. Ukilibaini ukiwa umeshafika Morogoro, unaongea na mfumo. Piga picha karatasi hapo hapo. Karatasi ya mashine hizi ni ya joto, ukiiacha kwenye dashibodi wiki moja inabaki nyeupe kama haijawahi kuandikwa.

#3 Bajaji ya Buguruni

Wakuu, na bajaji ikiandikiwa 30,000 badala ya 10,000? Ukimuuliza askari anasema mashine ndiyo imetoa hivyo. Dereva afanyeje, alipe halafu adai elfu ishirini yake?

#4 Fundi Sheria

Asilipe kwanza. Mashine inatoa kilichochaguliwa. Chombo kikiingizwa kama gari, kiwango kinakuja cha gari, basi. Ushahidi uko kwenye usajili wenyewe, kwa sababu kadi ya usajili inasema wazi ni chombo cha magurudumu mangapi, na pikipiki namba zake zinaanzia na MC.

Aende kwa DTO wa wilaya alikoandikiwa, yaani mkuu wa trafiki wa wilaya, akiwa na kadi, leseni na ile karatasi. Hoja yake iwe fupi: "Kosa silipingi, napinga kiwango." Sentensi hiyo ni muhimu. Inamweka upande wa mtu anayetaka kulipa, na hata mpokeaji anapunguza ukali. Ombi lenyewe ni faini ile ifutwe, aandikiwe mpya ya 10,000 yenye namba mpya ya malipo. Namba ya zamani asiiguse tena.

Kudai kurudishiwa fedha baada ya kulipa inawezekana kwenye makaratasi. Lakini fedha ikishaingia serikalini haitoki kwa neno la DTO. Inatoka kwa barua, idhini na uhasibu. Kwa elfu ishirini, nauli za daladala zitaimaliza kabla haijarudi.

#5 Mhasibu_Dom

Nizungumzie malipo, kwa sababu nusu ya "deni halifutiki" ninazoziona mezani hazina uhusiano na polisi kabisa.

Namba ya malipo ni bili ndani ya GePG, mfumo wa serikali wa kukusanya malipo. Ina tarakimu 12. Bili ina kiasi na ina tarehe ya kuisha. Ukilipa siku ya nane kwa kutumia kiasi cha siku ya pili, bili inayotaka kiasi kamili inakataa. Mtu anajaribu mara tatu, anakasirika, anamtumia wakala fedha "amsaidie", wakala naye anakosea tarakimu. Kabla ya kulipa fungua TMS usome jumla ya siku hiyo. Namba ikiwa imekwisha muda, omba nyingine, usiilazimishe.

Kwenye simu unapita menyu ya malipo ya serikali, si menyu ya kulipa bili za kampuni wala Lipa Namba. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#. Benki na mawakala wake nao wanapokea. Usimtumie askari kwenye namba yake binafsi, hata akiwa mpole namna gani. Hiyo haina bili nyuma yake, na TMS haitajua uliwahi kutoa senti.

Ukikosea tarakimu, mara nyingi mfumo unakataa kwa sababu hakuna bili yenye namba hiyo. Hatari ni pale namba inapoangukia bili hai ya mtu mwingine, hata ya taasisi nyingine. Ndiyo maana usiweke namba ya siri kabla hujasoma taasisi na kiasi vinavyoonyeshwa.

Sasa ile maarufu: umelipa, ujumbe umekuja, TMS bado inasoma inadaiwa. Fedha inatoka kwa mtandao wa simu au benki, inapita GePG, GePG inaujulisha mfumo wa polisi. Taarifa inaweza kukwama kwenye kiungo chochote. Subiri hadi kesho yake. Ikibaki hivyo, usianze na polisi. Anza na aliyepokea fedha yako. Uliza swali moja tu: "Muamala huu umefika GePG au umeishia kwenu?" Wakisema umefika, omba namba ya risiti ya serikali. Hiyo ni tofauti na namba ya muamala ya simu, na watu wengi wanabeba ya simu wakidhani inatosha. Ukiwa na namba ya risiti, namba ya malipo, kiasi na tarehe, ofisi ya trafiki inaweza kulinganisha. Ukienda na "nilishalipa, angalia ujumbe huu", afisa anaona ujumbe ambao hata mtoto wa kidato cha pili anaweza kuuandika.

#6 Konda Mstaafu

Mhasibu umemaliza. Ila wakati huo dereva yuko barabarani, na kila kizuizi wanapiga namba ya gari wanaona deni. Chapisha risiti, weka pamoja na bima. Askari akiona namba ya risiti ya serikali iliyochapishwa anatulia. Akiona kioo cha simu kilichopasuka anaomba ushuke.

#7 Tumaini wa Kihonda

Naomba kuuliza. Gari ikionekana safi kabisa TMS, halafu mtu wa fulana anakuja kuifunga mnyororo mjini akisema inadaiwa, hilo deni linatoka wapi?

#8 Kipanga wa Mbezi

Hilo ni la maegesho, dada yangu. Ni la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, halihusiani na trafiki hata kidogo, ila kwa kuwa yote mawili yanafuata namba ya gari watu wanayaweka kapu moja. Dar walihamia kwenye mfumo wa kielektroniki Septemba 2021. Mhudumu anapiga picha namba ya gari, bili inazaliwa hata kama wewe hupo garini. Unaangalia na kulipa kupitia *152*00# au kwenye tovuti ya TARURA. Lina muda wake wa kulipa na faini yake ya kuchelewa, tofauti na zile siku 7.

Ukimpelekea RTO, yaani mkuu wa trafiki wa mkoa, malalamiko ya maegesho atakurudisha, na ukienda TARURA na faini ya tochi watakurudisha vilevile. Mabasi na malori ya biashara yaongeze na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nao wana madai yao. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayekuambia gari inadaiwa ni hili: inadaiwa na nani? Namba ya malipo ukiiingiza kwenye simu, jina la taasisi litakujibu.

Na kuna faida moja ambayo haisemwi sana. Ile kero ya mia tano ya maegesho ni shahidi mzuri mno. Ina namba ya gari yako, mtaa, tarehe na saa. TMS ikisema gari lilipigwa tochi Kibaha saa nne asubuhi, na TARURA wanasema saa nne na robo lilikuwa Arusha mjini, barua yako inaandikika kwa mistari mitatu.

#9 Fundi Sheria

Hapo ndipo penye uzito, faini isiyo yako. Tenganisha mambo mawili kabla hujaandika chochote.

La kwanza ni namba kuingizwa vibaya. Dalili zake: faini ni moja, mahali ni mbali, na leseni iliyoandikwa si yako au haipo. Hili ni kosa la kiutawala, linarekebishwa kwa barua.

La pili ni namba yako kubandikwa kwenye gari jingine. Dalili: faini zinajirudia, barabara ileile, makosa yaleyale. Hapa usiishie kwenye barua. Nenda kituo cha polisi ufungue taarifa upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, kwa sababu kesho gari lile likigonga mtu au kubeba magendo, namba itakayotafutwa ni yako. Piga picha gari lako mbele, nyuma na ubavuni, na namba ya chesisi. Omba uonyeshwe picha ya tochi. Rangi, taa, kioo cha nyuma, kibandiko, chochote kinachotofautiana, kiandike.

Barua anaandikiwa RTO wa mkoa ulikoandikwa kosa, si wa mkoa unakoishi. TMS ina safu ya mahali, tumia hiyo. Watu wanapoteza wiki nzima kumlilia RTO wa Mbeya kwa faini iliyoingizwa Pwani. Ukishindwa kusafiri, ipitishie kwa RTO wako. Mfano:

*YAH: FAINI NAMBA ……… ILIYOINGIZWA KIMAKOSA KWENYE GARI NAMBA T ………*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa gari tajwa, aina ya ………, rangi ………, chesisi namba ……….*

*Tarehe ……… nilibaini kwenye mfumo wa TMS faini ya kosa la ……… linalodaiwa kutendeka ……… tarehe ……… saa ……….*

*Kosa hilo silikiri. Siku na saa hiyo gari lilikuwa ………, kama vielelezo A na B vinavyoonyesha.*

*Naomba picha na taarifa za kosa zihakikiwe, faini iondolewe kwenye gari langu, na adhabu ya ucheleweshaji isiendelee kuhesabiwa wakati shauri likishughulikiwa.*

Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri usipokuwepo, ofisini hujawahi kufika. Na ukiwahi kuupata ndani ya siku 7, ombi la kusimamisha adhabu linakuwa na miguu.

Vielelezo vyenye nguvu ni vilivyotolewa na mtu wa tatu na vina saa: bili ya maegesho, risiti ya EFD ya mafuta iliyoandikwa namba ya gari, karatasi ya mizani kwa lori, kadi ya kazi ya gereji. Barua ya jirani anayeapa gari lilikuwa uani, iache nyumbani.

#10 Mama Lori

Fundi, hapa kwenye "asilipe kwanza" tutofautiane kidogo. Lori limebeba nyanya, limeshikiliwa Mikese kwa deni la 37,500 lisilo lake. Unamwambia mwenye mzigo aandike barua yenye vielelezo A na B? Nyanya hazisomi kifungu cha 95. Mimi namwambia alipe, lori liondoke, malalamiko yafuate.

#11 Fundi Sheria

Mama, kwa nyanya nakubali. Ila mwenye lori ajue anachonunua. Kulipa chini ya kifungu kile kunafuata kukiri, na shauri limefungwa. Ananunua safari ya siku hiyo. Kama ni namba ya kufoji, faini nyingine itakuja wiki ijayo, na atakuwa ameshaacha nyuma rekodi inayoonyesha alikubali ya kwanza. Kwa hiyo akilipa kwa kubanwa, RB na barua vitoke siku hiyo hiyo, na barua iseme wazi: "Nimelipa ili kuokoa mzigo unaoharibika, kosa silikiri." Haitamrudishia 37,500. Itamlinda kwenye ya pili na ya tatu.

Kwa gari la kutembelea lisilo na haraka, msimamo wangu uko palepale.

#12 Konda Mstaafu

Tuongelee tochi kidogo, maana ndiyo inazaa nyingi.

Kwenye makazi kikomo ni 50 kwa saa. Magari ya zaidi ya kilo 3,500 yana kikomo cha 80 hata nje ya makazi, na hapa madereva wa Coaster na malori wanaumia wakidhani barabara tupu ni ruhusa. Anayepiga picha na anayekusimamisha mara nyingi ni watu wawili. Picha inarushwa kwa simu, wa mbele anasoma namba, anasimamisha. Kosa la usomaji linazaliwa hapo katikati. Omba kuiona picha, kwa adabu. Angalia namba inasomeka, mwendo umeandikwa, na kama kwenye fremu kuna magari mawili.

Ukibisha kibao, jua unabisha nini. "Sikukiona" si hoja. "Hakipo" ni hoja, lakini uipigie picha siku hiyo hiyo, kwa sababu vibao vya 50 vinagongwa, vinaibwa, na vinarudishwa.

#13 Mhasibu_Dom

Kwa wenye kampuni: mpe mtu mmoja kazi ya kuangalia namba zote za magari TMS kila Jumatatu. Siku 7 zikigawanywa na safari za dereva ni chache kuliko mnavyodhani. Alinganishe tarehe na mahali na daftari la safari kabla ya kumtupia dereva lawama.

Na kukata mshahara hovyo kutawaletea kesi nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka makubaliano ya maandishi, dereva apewe nafasi ya kujieleza, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Nimeona kampuni zinamkata dereva faini ya gari ambalo siku hiyo lilikuwa juu ya jeki.

#14 Bajaji ya Buguruni

Asanteni wakuu. La mwisho kwa upande wangu: mtu akinunua chombo mkononi, deni la zamani linamfuata nani?

#15 Kipanga wa Mbezi

Kisheria aliyekosa ni dereva wa siku ile. Barabarani anayesimamishwa ni anayeendesha leo, na namba ni ileile. Siku ya mauziano fungueni TMS na TARURA mbele ya muuzaji kabla fedha haijatoka mkononi. Mkikuta deni, lilipwe hapo hapo au likatwe kwenye bei. Kwenye mkataba andikeni tarehe na saa ya kukabidhiana, kwa sababu faini ya siku hiyo hiyo ndiyo inayogombanisha watu.

Angalia tena baada ya siku mbili tatu, kisha peleka mabadiliko ya umiliki TRA mapema. Muuzaji ndiye anayepaswa kuhangaika zaidi na hilo kuliko wewe. Kadi ikiendelea kusoma jina lake, tochi ya mwezi ujao itapigwa kwa jina lake.

#16 Tumaini wa Kihonda

Kumbe mnyororo ule ulikuwa wa maegesho ya Februari. Imeonekana kwenye *152*00#, na jina la taasisi limetoka kama ulivyosema. Shukrani.

#17 Kipanga wa Mbezi

Sawa dada. Hifadhi risiti, na baada ya kulipa angalia tena kama imesoma.